Slaidi Inayosomeka Hadi Benchi la Nyuma

Somo kwa wajumbe wa kamati za mitaa, viongozi wa vikundi na wakazi wote wanaohudhuria mikutano ya kata

Taarifa nyingi zinazomhusu mkazi wa Temeke siku hizi humfikia kwa njia ya ukuta. Projekta huelekezwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata au wa darasa la shule ya msingi, na juu ya ukuta huo hupita ukurasa baada ya ukurasa: hali ya ujenzi wa mifereji, upungufu wa vyumba vya madarasa, mapato yaliyokusanywa, dawa zilizopokelewa katika zahanati. Vikundi navyo vimeanza kuifuata desturi hiyo. Wapo akina mama na vijana ambao, wanapolieleza andiko lao la mkopo mbele ya wanaoliamua, huja na kompyuta mpakato iliyoazimwa kwa jirani na slaidi walizoandaa usiku kucha.

Somo hili linahusu namna ya kuziandaa slaidi hizo zipate kueleweka. Limeandikwa kwa ajili ya anayesimama mbele, na vilevile kwa ajili ya anayeketi benchi la nyuma, kwa kuwa huyu wa nyuma ndiye mwenye mfereji, mwenye mtoto darasani na mwenye haki ya kuuliza. Slaidi isiyosomeka humnyima haki hiyo pasipo mtu yeyote kukusudia. Ukurasa umepita, namba hazikuonekana, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, na ukumbi unakaa kimya. Kimya hicho huandikwa katika muhtasari kuwa ni ridhaa.

Tuanze na kosa linalozaa makosa mengine. Waandaaji wengi huichukua taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya kusomwa mezani, wakaikata vipande, wakaipandisha ukutani ilivyo. Kisha msemaji huugeukia ukuta na kuusoma neno kwa neno. Hapo wasikilizaji hupewa kazi mbili zinazogombana. Jicho husoma kwa kasi yake, na kwa msomaji mzuri kasi hiyo hupita ile ya ulimi. Sikio nalo linataka kumfuata msemaji. Mwenye kusoma haraka ameshafika mwisho na anasubiri kwa uchovu, mwenye kusoma polepole hakufika popote, na asiyejua kusoma ameachwa kabisa. Taarifa kamili ina mahali pake, nayo ni karatasi ambayo mtu huichukua na kuisoma kwa nafasi yake. Slaidi ni kitu kingine: ni ushahidi wa kauli moja, uliowekwa mbele ya macho wakati kauli hiyo inasemwa kwa mdomo.

Kichwa cha slaidi kiseme jambo

Kama msomaji atachukua jambo moja tu katika somo hili, na alichukue hili. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili yenye habari ndani yake. Desturi iliyoenea ni kuandika jina la mada peke yake. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtaa unaojengewa mfereji wa mita 600. Slaidi ya kawaida ingebeba kichwa hiki: "Hali ya utekelezaji wa miradi ya miundombinu ya uondoshaji wa maji ya mvua katika kipindi cha robo ya pili." Maneno ni kumi na tisa, na habari haijasemwa. Chini yake hufuata vitone saba au vinane, na katika kitone cha sita ndipo inapojificha habari kwamba kazi imesimama.

Sasa tukiandike upya: "Mfereji umefika mita 400, mita 200 za upande wa shule bado hazijaanza." Hiki ni kichwa ambacho mkazi anaweza kukikubali au kukikataa. Anayeishi upande wa shule atainuka na kusema kwamba kwao hata vipimo havijapigwa, au kwamba vimepigwa na vigingi viko pale. Chini ya sentensi hiyo haihitajiki orodha ya vitone. Inatosha picha moja ya mahali mfereji ulipoishia, au mchoro wa mstari wenye sehemu mbili, iliyokwisha na iliyobaki. Sababu ya kusimama, msemaji ataieleza kwa kinywa chake, na akihojiwa atajibu.

Wapo watendaji wanaokwepa vichwa vya namna hiyo kwa kuona ni ukavu wa lugha, na wapo wanaovikwepa kwa sababu vinawabana. Kundi la kwanza linaweza kusaidiwa na somo hili. Kundi la pili litasaidiwa na maswali ya wakazi.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya urembo. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiliruka kikiwa na watu saba. Sekunde 82 baada ya kuruka, kipande cha povu gumu kilichomoka kwenye tangi la nje na kuligonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walichunguza kama bawa limeumia, na matokeo yao waliyafikisha kwa wakuu wao kwa njia ya slaidi. Mojawapo ya slaidi hizo ilikuja kujulikana dunia nzima. Kichwa chake kilikuwa na maneno ya kutuliza, kikidokeza kwamba majaribio ya zamani yalikuwa na tahadhari ya kutosha. Chini kabisa, katika kitone kilichokuwa ndani ya kitone kingine, kwa herufi ndogo, ndipo palipoandikwa kwamba kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yote yalifanywa kwa vipande vya inchi 3. Yaani tukio lenyewe lilikuwa kubwa mara 640 kuliko chochote kilichowahi kupimwa. Wakuu walitoka na utulivu wa kichwa cha habari. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirejea, na wote saba wakafa. Edward Tufte, mwalimu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Yale, aliichambua slaidi ile mstari kwa mstari, na tume iliyochunguza ajali ikakiri katika ripoti yake kwamba ni rahisi kuelewa jinsi mkuu anayeisoma anavyoweza kutotambua kuwa mbele yake kuna hatari ya kufa na kupona.

Slaidi haikuivunja Columbia. Povu ndilo lililovunja. Lakini wahandisi walikuwa na habari iliyostahili kuwa kichwa, nao wakaiweka mahali ambapo jicho lililochoka halifiki. Katika kata zetu hatujengi vyombo vya anga. Tunajenga mifereji, vyoo vya shule na visima, na kitone cha sita chaweza kuwa kile kinachosema kwamba maji ya kisima yamepimwa na hayafai kunywewa.

Nguzo mbili za Temeke

Sasa tuje kwenye namba, eneo ambalo slaidi huharibika zaidi na huharibu zaidi. Mfano nitakaoutumia ni wa kweli, na unatuhusu.

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, Temeke ilihesabiwa kuwa na watu 1,368,881. Katika Sensa ya mwaka 2022 ilihesabiwa kuwa na watu 1,346,674. Mtu akizichukua namba hizi mbili na kuziingiza katika kompyuta, programu itamchorea nguzo mbili, ya pili ikiwa fupi kidogo, na mwenye haraka ataandika juu yake: "Idadi ya watu Temeke imepungua." Jirani zetu wa Kinondoni wakifanya vivyo hivyo wataona jambo la kutisha zaidi. Mwaka 2012 walikuwa 1,775,049. Mwaka 2022 wakawa 982,328. Karibu watu laki nane wametoweka!

Hakuna aliyetoweka. Kati ya sensa hizo mbili Wilaya ya Kigamboni ilimegwa kutoka Temeke, na Wilaya ya Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni. Watu wako majumbani mwao; mipaka ndiyo iliyosogea. Sensa ya 2022 iliwakuta Kigamboni watu 317,902 na Ubungo watu 1,086,912. Ukizijumlisha Temeke na Kigamboni, eneo lile lile lililokuwa Temeke ya 2012, unapata 1,664,576, ambalo ni ongezeko la watu 295,695, yaani takriban asilimia 22. Ukizijumlisha Kinondoni na Ubungo unapata 2,069,240, ongezeko la takriban asilimia 17. Na Mkoa mzima wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728.

Namba zote zilizotumika katika ile slaidi ya kwanza ni sahihi. Hakuna iliyobuniwa wala kukosewa. Hata hivyo slaidi inasema uongo, kwa kuwa inalinganisha vitu viwili vyenye jina moja na mipaka tofauti. Fikiria sasa kwamba slaidi hiyo imeonyeshwa katika kikao kinachojadili madarasa na zahanati. Mjumbe mwaminifu, asiye na nia mbaya hata chembe, anaweza kuuliza kwa nini tuongeze vyumba mahali ambapo watu wanapungua. Kwa wazazi wa Chamazi au Mbagala, ambao watoto wao wanajua maana ya kubanana darasani, hilo si jambo la kitaalamu tu.

Kuna hila nyingine inayojificha katika nguzo, nayo hufanywa na programu yenyewe bila kuulizwa. Ili kuokoa nafasi, kompyuta nyingine huanza kuchora nguzo si kutoka sifuri bali kutoka namba iliyo karibu. Tuseme imeanza kuzichora nguzo zetu kutoka 1,300,000. Nguzo ya 2012 itakuwa na urefu wa watu 68,881 tu, na ya 2022 urefu wa watu 46,674. Kwa macho, Temeke imepoteza theluthi moja ya watu wake, ilhali tofauti halisi ya namba zile, hata kabla ya kukumbuka Kigamboni, haifiki asilimia 2. Kwa hiyo mwandaaji ahakikishe nguzo zinaanzia sifuri, na anayetazama aangalie kwanza chini ya nguzo kabla hajaangalia juu.

Slaidi ya haki juu ya jambo hili ingekuwaje? Kichwa chake kingesema: "Eneo la Temeke ya zamani limeongezeka watu karibu laki tatu katika miaka kumi." Chini yake nguzo mbili, zote zikianzia sifuri: ya 2012 ikiwa nzima, ya 2022 ikiwa na vipande viwili vyenye rangi mbili, Temeke na Kigamboni, kila kipande kikiandikwa namba yake juu yake. Chini kabisa mstari mmoja: chanzo, Sensa ya 2012 na Sensa ya 2022. Basi. Mstari huo wa chanzo usiachwe kamwe, kwa kuwa ndio unaomwezesha mkazi kwenda kuhakiki mwenyewe.

Kuhusu grafu ya duara, ile inayokatwa vipande kama chapati, maoni yangu ni kwamba itumike mara chache. Jicho la mwanadamu halipimi vizuri vipande vya duara vinavyokaribiana, na vikizidi vinne huwa fumbo. Nguzo hueleweka na kila mtu aliyewahi kupanga watoto kwa kimo.

Fedha nazo zina ugumu wake. Sote tunasikia milioni mia tatu, bilioni moja nukta mbili, na kwa wengi wetu namba hizo ni sauti tu. Mwandaaji azigawe mpaka zifikie kitu ambacho mkazi hukishika mkononi. Katika mfano wetu wa kubuni, kama mfereji wa mita 600 unagharimu shilingi milioni 300, basi kila mita moja ni shilingi 500,000. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iandikwe kwa herufi kubwa. Fundi wa mtaani anayejua bei ya saruji, mchanga, kokoto na nondo ataifikiria, na akiwa na la kusema atalisema.

Ramani ya mahali panapojulikana

Jambo linalotokea mahali fulani lionyeshwe kwenye ramani. Dar es Salaam ina historia nzuri ya kazi hii. Mwaka 2011 wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa Tandale, Kinondoni, walipita vichochoro vya kata yao wakiwa na vifaa vya kupima mahali, wakachora ramani ya njia, vituo vya maji, shule na mitaro. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowaunganisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko. Ramani zao ziliwekwa wazi katika ramani huru ya dunia iitwayo OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote huweza kuifungua kwa simu na kuichapisha bila malipo.

Ubora wa ramani za namna hiyo, kwa anayeandaa slaidi, ni kwamba zina majina ambayo wakazi wenyewe huyatumia. Ramani ya ofisini huonyesha namba za viwanja na mistari ya mipaka. Mkazi hajioni humo. Mwandaaji aweke katika ramani yake alama nne au tano tu ambazo kila mtu anazijua: shule, msikiti, kanisa, daraja, kituo cha daladala, kisha mstari mnene wa jambo analolizungumzia. Yaliyobaki ayafifishe. Mwanzoni mwa maelezo aoneshe kwa kidole: "Hapa ndipo tulipoketi sasa." Sekunde tano hizo huwafanya watu wote ukumbini kuielewa ramani, na muda si mrefu mzee mmoja atasimama kusema kwamba maji hayapiti pale palipochorwa, bali nyuma ya soko. Hapo slaidi imefanya kazi yake.

Kikundi mbele ya kamati

Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba huandaa andiko la mradi, na kikipata nafasi ya kulieleza, dakika zake huwa chache. Wengi huzitumia dakika hizo kueleza historia ya kikundi, majina ya viongozi, dira, dhima na malengo mahususi. Kamati inayo hayo yote katika karatasi. Swali lililo moyoni mwa kila mjumbe ni moja: fedha hii itarudi kwa njia gani?

Tuchukue tena mfano wa kubuni, kikundi cha washonaji wa sare za shule kinachoomba shilingi 6,000,000 zitakazorejeshwa kwa miezi 12. Slaidi yao muhimu kuliko zote ingekuwa na kichwa hiki: "Sare 100 kwa mwezi zinatosha kulipa rejesho, sisi tunaweza kushona 176." Chini yake hesabu iliyopangwa kwa mistari minne. Rejesho la mwezi ni shilingi 500,000. Faida ya sare moja, baada ya kutoa kitambaa, uzi, umeme na ujira, ni shilingi 5,000. Cherehani ni nne, kila moja sare mbili kwa siku, siku 22 za kazi. Kinachobaki baada ya rejesho, endapo zote zitauzwa, ni shilingi 380,000.

Endapo zote zitauzwa! Hapo ndipo penye mwiba, na kikundi chenye busara hakiufichi. Sare hununuliwa kwa wingi kuelekea Januari, shule zinapofunguliwa. Je, mwezi Mei? Slaidi inayofuata ijibu kabla ya kuulizwa: "Miezi ya mauzo madogo tutashona mashuka na mapazia," pamoja na picha ya mashuka waliyokwisha kushona, na bei yake. Wajumbe wana uzoefu wa kutosha kuiona hatari hiyo wenyewe. Wakiiona kabla yenu, watajiuliza ni nini kingine hamkukisema.

Slaidi sita au saba zinatosha kwa wasilisho la dakika kumi, na hata nne zinaweza kutosha. Sijapata kusikia kamati ikilalamika kwamba wasilisho lilikuwa fupi.

Tahadhari moja kuhusu picha na majina. Si halali kupandisha ukutani majina na namba za simu za wanachama walioshindwa kurejesha, wala picha ya mgonjwa au mtoto bila idhini, kwa kisingizio cha uwazi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria kuna heshima ya mtu mbele ya majirani zake. Idadi ya wadaiwa na jumla ya deni hutosha kueleza hali.

Siku yenyewe

Ukubwa wa herufi hupimwa nyumbani kwa njia rahisi. Picha ya ukutani yenye upana wa mita 1.5 ikitazamwa na mtu aliye umbali wa mita 9 huonekana sawa na kioo cha kompyuta mpakato chenye upana wa sentimita 30 kikitazamwa kutoka mita 1.8. Kwa hiyo weka kompyuta mezani, rudi nyuma hatua mbili kubwa, uisome slaidi yako. Isiposomeka, benchi la nyuma nalo halitaisoma. Katika programu nyingi, herufi za ukubwa wa 28 kwenda juu huvuka mtihani huo. Ukiona maneno hayatoshei kwa herufi hizo, usipunguze herufi, punguza maneno.

Madarasa yetu yana madirisha makubwa yasiyo na mapazia, na mikutano mingi hufanyika mchana. Projekta ndogo haishindani na jua la saa nane. Maandishi meusi juu ya nyeupe ndiyo hustahimili. Njano juu ya nyeupe hupotea, na zile picha za maua na bendera zinazowekwa nyuma ya maandishi huyameza kabisa. Wapo pia watu, wengi wao wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, hivyo usiseme "sehemu nyekundu ndiyo yenye tatizo" bila kuiandika pia kwa neno. Vitu vinavyoruka na kuzunguka kwenye kioo viachwe kwa sherehe za harusi.

Lugha iwe Kiswahili. Andiko lenye maneno ya Kiingereza ya kiofisi lisipandishwe ukutani kabla ya kufasiriwa, na vifupisho vifunguliwe mara ya kwanza vinapotajwa.

Umeme ukikatika je? Wasilisho lisiloweza kufanyika bila umeme halijakamilika. Slaidi zilizoandaliwa kwa namna tuliyoieleza, yaani kauli moja na mchoro mmoja, huhamishika kwa urahisi kwenye bango kitita na kalamu nene. Nchi hii ilikwisha kufundisha watu wengi sana bila projekta hata moja. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kote Tanzania wakiwa na redio, kijitabu na kiongozi wa kikundi. Kila kikao kilikuwa na mada yake, malaria siku moja, kichocho siku nyingine, na kipindi cha redio kilipokwisha majadiliano yaliendelea, kisha watu wakaamua watachimba vyoo wapi. Chombo kilikuwa hafifu kuliko simu iliyo mfukoni mwako. Mpangilio wake ulikuwa bora kuliko mawasilisho mengi ya leo.

Maswali ya benchi la nyuma

Mkazi anayehudhuria mkutano asione haya kuuliza mambo manne, nayo si utovu wa adabu. Aweza kusema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba slaidi iliyopita irudishwe." Aweza kuuliza namba hiyo imetoka wapi na ni ya mwaka gani. Aweza kuuliza nguzo zimeanzia wapi, na kama mipaka ya eneo linalolinganishwa ni ile ile. Na msemaji akishamaliza slaidi yenye vitone vingi, aweza kuuliza kwa upole: "Ndugu Mtendaji, katika haya yote, lipi ndilo unalotaka tulijue?" Swali hili la mwisho, nimeona, husaidia hata msemaji mwenyewe.

Kabla ya mkutano kufungwa, mkazi mmoja aombe nakala ya slaidi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa pamoja na taarifa kamili, na ombi hilo liandikwe katika muhtasari. Asiyefika siku ile, kwa sababu ya kazi au ya kuuguza, atapita hapo jioni akasome kwamba mita 200 za upande wa shule bado hazijaanza, na siku ya mkutano ujao atakuja akijua la kuuliza.